Nafasi Tupu Si Takataka

Wasee, "Huyu si mama yangu" na "Huyu simama yangu", tofauti ni nini? Ni spesi moja tu. Hiyo spesi ndiyo ilifanya nirudishie mteja pesa yake.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kapsheni za filamu fupi. Faili zilikuwa TTML, yaani XML ya maandishi ya video: kila neno limewekwa ndani ya `<span>` yake ndio libadilike rangi wakati mwigizaji analitamka. Nikaamua kuzichambua na Haskell, maanake niliacha chuo lakini sikuacha kiburi.

Shida ilianza mapema. Una `<div>` yenye `<p>` mbili, kila moja kwa mstari wake. Unategemea upate watoto wawili, unapata watano. Hao watatu wa ziada ni zile enta na spesi zilizowekwa ili faili isomeke vizuri. Programu yangu ilikuwa inangoja elementi mbili, ikakuta maandishi katikati, ikaanguka.

Nikafanya venye wengi hufanya: funksheni ya mstari mmoja, futa kila nodi yenye nafasi tupu pekee, mti mzima. Ikakompaili. Na Haskell ikikompaili, manze, unajiona profesa. Nikatuma kazi.

Usiku mteja akanipigia. Mtu wa kwanza kutazama alikuwa dadake, na ni kiziwi. Pale mtoto anapomkana mamake, yeye alisoma "Huyu simama yangu". Wengine walikuwa na sauti. Yeye alikuwa na kapsheni tu, na mimi ndiye nilikuwa nimeziharibu.

Sababu ni rahisi. Kati ya `<span>si</span>` na `<span>mama</span>` kulikuwa na nodi yenye spesi moja. Kwa funksheni yangu, hiyo nodi ni sawa tu na enta iliyo kati ya `<p>` mbili. Zote zikaenda.

Najua kuna wenye watasema XML ndiyo mbaya. Mimi nakataa. Tangu 1998, kanuni za XML 1.0 zinasema kichambuzi lazima kipitishie programu yako kila herufi ambayo si sehemu ya tegi. Hiyo ni heshima, kwa sababu kichambuzi hakijui hati yako inamaanisha nini. Ni JSON imetuzoesha vibaya: kule nafasi iliyo nje ya maneno yenyewe haina maana, so tunakuja na tabia hiyo huku.

Na usidhani Haskell itakuokoa. Kwa xml-conduit, spesi tupu na neno zima zote ni `NodeContent`. Taipu ni moja. Kwa HXT kuna hadi funksheni tayari inaitwa `removeAllWhiteSpace`, na hiyo "All" si mchezo.

Kwa hivyo swali si "nifute ama nisifute?" Swali ni "niko ndani ya tegi gani?" Siku hizi nina funksheni mbili. Ndani ya `<body>` na `<div>`, nafasi tupu ni mapambo, natupa. Ndani ya `<p>` na `<span>`, ni mali ya msomaji, naweka. Zikifuatana nyingi nazifanya moja, isipokuwa hati iseme `xml:space="preserve"`, hapo siguși kitu. Halafu kila funksheni inatoa taipu yake: ya `<div>` inatoa orodha ya kapsheni, ya `<p>` inatoa maandishi. Nikizichanganya, haikompaili. Sasa hapo ndio Haskell inanisaidia kweli.

Kapsheni nilizirekebisha bure. Na jaribio la kwanza kwa kila mradi wangu wa XML sasa ni hilo hilo: "si mama" ikitoka "simama", kazi haiendi popote.

Kitu kikionekana tupu, uliza kwanza nani anakisoma. Wewe je, ulishawahi kufuta kitu "hakina maana" kikakurudia? Niambie hapo chini.