UKURASA WA NYUMBANI: Ngoma Isiyopigwa Nayo Yataka Matunzo

Askari apatapo uhamisho, vyungu hufungwa kwa uangalifu, magodoro hukunjwa, na ngoma ya babu hutupwa juu ya lori karibu na kuku. Wafikapo kituo kipya, ngozi imekwisha pasuka. Hasara hiyo si ndogo. Katika Buganda kila ukoo una mdundo wake, uitwao omubala, na watoto waliozaliwa kambini, mbali na kijiji cha wazee wao, huenda wasiusikie ila kwa ngoma hiyo iliyomo nyumbani. Ngozi yaweza kuwambwa upya. Gogo lililopasuka ni taabu nyingine.

Ngoma ya Uganda huchongwa katika gogo moja, ikawambwa ngozi ya ng'ombe juu na chini, nazo ngozi hizo hushikanishwa kwa kamba za ngozi. Ngozi hunywa unyevu wa hewa ikalegea, na ikaukapo hujikaza. Ndiyo sababu wapigaji huikaribisha motoni kwa muda mfupi kabla ya kuipiga. Lakini kuianika juani mchana kutwa ni kosa kubwa: ngozi hujivuta hata ikachanika penye matundu ya kamba, na mti nao ukapata ufa. Kuiweka sakafuni pia haifai, kwani saruji hupitisha unyevu wakati wa mvua, na ukungu huanzia upande wa chini usioonekana. Na iwekwe juu ya vipande viwili vya mbao, mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko.

Panya huitamani ngozi kama atamanivyo mahindi. Wako pia wadudu wadogo ambao mabuu yao huitoboa polepole. Paka husaidia kwa panya tu, tena siku apendayo kazi. Kwa hiyo yafaa mwenye nyumba aipanguse ngoma kwa kitambaa kikavu kila juma, aigeuze na kutazama chini yake. Ifunikwe kwa shuka kuukuu la pamba. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani.

Zeze la endingidi huwambwa ngozi nyembamba ya kenge. Likae limetundikwa, uzi wake umelegezwa kidogo, ili ngozi isikandamizwe bure.

Gita adui yake ni joto. Chini ya bati lisilo na dari, joto la adhuhuri hulegeza gundi, na shingo ikapinda. Nyuzi za chuma zipanguswe baada ya kupiga, kwa sababu jasho la vidole huzitia kutu.

Mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi arudipo nyumbani na ala aliyokabidhiwa, kwanza na ayamwage maji yaliyokusanyika ndani, apanguse, ndipo aiweke sandukuni. Kipande cha mdomoni kioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, wala kisiachwe watoto wakipokezane. Klarineti hutolewa ulimi wake wa tete, ukakaushwa peke yake.

Siku ya uhamisho ikifika, nyuzi zote zilegezwe, gita liviringishwe blanketi, na ngoma iwekwe katikati ya magodoro, chini ya turubai. Kuku watafutiwe mahali pengine.