Mbio Hazianzi kwa Fulana

WAKO watu katika Kisiwa cha Mafia ambao hawana haja ya kuhubiriwa habari za mazoezi. Mvuvi wa Jibondo avutaye nyavu tangu alfajiri, mkwezi apandaye mnazi mmoja baada ya mwingine, mama arudiye shamba na mzigo wa kuni kichwani: hao miili yao hufanya kazi kabla sisi hatujaamka. Tunayoyasema leo yatuhusu sisi wengine, yaani makarani, waalimu, wenye maduka na viongozi wa Chama, ambao hutoka nyumbani kwa bodaboda, hukaa kitini mpaka alasiri, kisha hurudi kwa bodaboda. Kilindoni ni mji mdogo, walakini wengi wetu hatuuvuki kwa miguu. Shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari, maradhi ambayo zamani tuliyadhania kuwa ya matajiri wa mijini, sasa yamo nyumbani mwetu.

Mwaka 2016 Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo lilikuwa jema. Lakini tumeona jinsi jambo jema liwezavyo kugeuzwa sherehe. Fulana huchapishwa, vipaza sauti hufungwa juu ya gari, hotuba husomwa, na watu ambao hawajapata kukimbia tangu walipotoka shule huondoka kwa kishindo, kila mmoja akitaka aonekane karibu na mkubwa wake. Kesho yake magoti yamevimba, na keshokutwa fulana imekuwa ya kulalia. Mwandishi wa maneno haya anayo fulana ya namna hiyo.

Ajuaye mbio hufanya kinyume. Katika majuma ya kwanza hutembea zaidi kuliko anavyokimbia: dakika moja ya mbio za polepole, dakika mbili za kutembea, mpaka zitimie dakika 20, na siku ifuatayo hupumzika. Sababu yake ni hii, kwamba moyo na pumzi huzoea upesi, bali kano na mifupa hukawia. Mtu hujiona ana nguvu, akaongeza mwendo, kumbe mguu haujawa tayari. Kipimo chake ni ulimi wake: akishindwa kusema sentensi moja na mwenzake, basi anakwenda mbio mno. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau dakika 75 za mazoezi ya nguvu kwa juma, au 150 za mazoezi ya kadiri, na kutembea kwa haraka nako kumo katika hesabu hiyo. Mwenye maumivu ya kifua au shinikizo la damu, na amwone daktari kwanza.

Barabara ya lami iendayo Utende, yapata kilomita 15, yafaa sana, na hakuna amri ya kuimaliza. Apendaye pwani angoje maji kupwa akimbie juu ya mchanga mgumu, kwa kuwa mchanga laini huchosha kano za mgeni.

Jambo moja hatuwezi kulipita. Mwanamke atokaye asubuhi kukimbia huulizwa anamkimbia nani, na jikoni amemwacha nani. Vazi la stara halimzuii mtu kukimbia. Kinachomzuia muuguzi au mwalimu wa kike ni vicheko vya barazani, na wachekao mara nyingi ni watu walioketi. Wanachama wetu wamo katika baraza hizo. Tunawataka wanyamaze, na UWT tunaiomba ianzishe kundi lake, ili asiwepo mwanamke wa kutoka peke yake.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenda kwenye mkutano wa TANU. Mwaka uliofuata, huko Mexico, John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti, akafika wa mwisho, na jina lake latajwa mpaka leo. Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, tumpigie makofi, lakini karani wa Kilindoni asijipime naye.

Kwa hiyo twayaomba matawi ya Mafia yasiandae uzinduzi. Yachague siku tatu kwa juma, baada ya sala ya Alfajiri na kabla jua halijawa kali, mahali pa kukutania, na mtu mmoja mwenye saa. Katika mwezi wa Ramadhani wakati uhamishiwe usiku. Miezi mitatu ikipita, makatibu watuandikie ni wangapi waliobaki. Hesabu hiyo tutaichapa katika ukurasa huu, hata ikiwa ni ya watu saba.