Saa ya Rubani kwa Mwenda kwa Miguu

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifundisha miaka mingi, wala siikani. Lakini siku hizi umetokea muuzaji ambaye wahenga hawakumwona: yule mwenye kitu chema, naye anakitembeza kwa sifa zisizokuwamo na kuificha ile iliyomo. Mtu huyu nataka kugombana naye katika kurasa hizi, na pia na vijana wanaomsikiliza.

Kitu chenyewe ni saa ya mkono. Ni ile iitwayo saa ya rubani, inayojitia ufunguo yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, nayo inauzwa na kampuni ndogo ya Ulaya ambayo yajivunia kutomilikiwa na kampuni kubwa yoyote. Jina la kampuni hiyo siliandiki. Ziko nyingi za namna hiyo, na ukizibadilisha majina, uso wa saa na maelezo yake vitabaki kama vilivyo. Bei yake ni ya chini ukiilinganisha na saa za Uswisi, lakini si ya chini kwa mwalimu wa shule ya msingi. Na hapo ndipo nilipoingizwa mimi. Walimu saba wa hapa Ifakara, ambao baadhi yao nilikuwa nao chuoni wakijifunza ualimu, wamekubaliana katika mchezo wao wa kupeana fedha kwamba kila anayefikiwa na zamu atanunuliwa saa hiyo. Wa kwanza amekwisha kuipata. Akaniletea hapa Mlabani. "Shikamoo, Mkuu. Ivae mwezi mmoja, kisha utuambie kama tuendelee." Nimeivaa siku arobaini. Haya ndiyo ninayowaambia.

Nianze na hilo jina la rubani. Kijitabu kilichokuja ndani ya boksi kina picha ya mawingu, ndege ya zamani na koti la ngozi, na neno "urithi" limerudiwa humo kama kiitikio. Urithi wa nani? Umbo la saa hii, yaani uso mweusi, tarakimu kubwa nyeupe, na pembetatu yenye nukta mbili mahali pa 12, ni umbo la saa za jeshi la anga la Ujerumani la wakati wa Hitler. Miaka ya 1940 zilitengenezwa na kampuni tano: Lange, Laco, Stowa, Wempe, na IWC ya Uswisi. Zilikuwa na upana wa milimita 55, karibu sawa na mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa, na mkanda mrefu wa kufungia juu ya mkono wa koti. Jina lake la Kijerumani maana yake ni saa ya mwangalizi, kwa kuwa aliyeihitaji hasa ni mpimaji njia aliyehesabu mahali ndege ilipo kwa kulinganisha muda na nyota. Na saa zile zilitiwa ufunguo kwa vidole. Hazikujitia zenyewe. Kwa hiyo ndugu zangu wanauziwa "saa ya rubani ya kujitia ufunguo" iliyoigwa kutoka saa ambayo haikuwa ya rubani hasa, wala haikujitia ufunguo. Mambo ya jeshi nayo yamerukwa kimyakimya. Sisi tulio ng'ambo hii ya mto, tunaoijua Mahenge na yaliyotokea kwenye boma lake mwaka 1905, tungeweza kuvumilia kuambiwa ukweli.

Mtu akitaka saa ya rubani wa kweli, aitafute ile ambayo Louis Cartier alimtengenezea rafiki yake Santos-Dumont, Mbrazili, mwaka 1904. Santos-Dumont hakuweza kushika usukani huku anatoa saa mfukoni. Ile ilikuwa na umbo la mraba, na haifanani na hii hata kidogo. Au aende kiwanjani. Mimi nimewahi kusimama kwenye kiwanja chetu cha ndege nikamtazama rubani wa ndege ndogo akishuka na mizigo ya hospitali, na mkononi mwake alivaa saa ya plastiki ya betri, ya tarakimu, iliyochakaa mkanda. Marubani hununua saa kwa kazi. Mawingu wanayo ya bure.

Sasa nije kwenye lile lililofichwa. Mgongo wa saa hii ni wa kioo, na ukichungulia unaona kipande cha chuma kizito mfano wa nusu sahani kikizunguka kila unapotikisa mkono. Kikizunguka huikaza kamani, na kamani ndiyo inayoendesha magurudumu. Juu ya chuma hicho wamechora jina la kampuni yao kwa maandishi ya madaha. Lakini mashine yenyewe si yao. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kwa herufi ambazo macho yangu yalihitaji kioo cha kukuzia, imeandikwa NH35. Hiyo ni mashine ya Seiko ya Japani, ambayo huuzwa kwa kampuni yoyote inayotaka kuiweka ndani ya saa yake. Ina vito 24, hupiga mara 6 kwa sekunde, ikivuliwa ikiwa imejaa huenda saa 41 bila kuguswa, na watengenezaji wake wanakiri wenyewe kwamba yaweza kukimbia mpaka sekunde 40 au kuchelewa mpaka sekunde 20 kwa siku.

Vijana wawili wa Kibaoni waliposikia haya walicheka. Wakaniambia, basi si saa halisi, ni mwili wa Ulaya na matumbo ya Japani. Saa ni ya Uswisi au si saa. Najua wanakolitoa. Mji huu umeishi na Waswisi kwa miaka mingi: mapadri Wakapuchini, masista wa Baldegg, na Profesa Rudolf Geigy wa Basel aliyeanzisha hapa mwaka 1957 maabara iliyokuja kuwa taasisi ya utafiti wa afya tunayoijua leo. Tumezoea kuona kwamba kitokacho kwao kimetengenezwa kwa uangalifu. Lakini hata maneno ya kuthibitisha Uswisi kwenye uso wa saa hayasemi kwamba kila kilichomo kimetoka huko. Tangu mwaka 2017 sheria yao inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza saa iwe imefanyika Uswisi. Arobaini zilizobaki hazina uraia.

Nami nasema kinyume cha vijana hao, na kinyume cha kijitabu pia. Mashine ile ya Japani ndiyo kitu bora kuliko vyote katika saa hii. Kampuni ndogo ikijitengenezea mashine yake ya peke yake, siku ikifa, na kampuni ndogo hufa kwa urahisi, saa yako inakufa nayo. Fundi atatafuta gurudumu moja asilipate Kariakoo wala kwingineko. NH35 imeenea duniani. Ikiharibika vibaya, fundi haitaji hata kuhangaika na gurudumu. Anaitoa yote, anaweka nyingine, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya saa. Walimu wa rika langu wanalielewa jambo hili bila kuelezwa, kwa sababu wengi wetu tulivaa Seiko 5, na zipo zilizofika kwa wajukuu baada ya kupita mikononi mwa mafundi wasiokuwa na chombo zaidi ya bisibisi ndogo, kibano na kioo cha jichoni. Basi kampuni inayojivunia uhuru inasimama kwa mgongo wa kiwanda kikubwa. Si aibu. Aibu ni kuliandika kwa herufi za sisimizi.

Kuhusu kwenda na majira, niliilinganisha na simu kila jioni. Ilikimbia kiasi cha sekunde kumi na mbili kwa siku nilipoivaa, na kidogo zaidi nilipoilaza kifudifudi mezani. Saa ya plastiki ya Casio, ile F-91W iliyotoka mwaka 1989, inaahidi kutopotea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi mzima, tena kwa bei ya kuku wachache. Anayetaka sekunde na akanunue hiyo, nami nitampongeza. Lakini mwalimu gani anahitaji sekunde? Hapa Ifakara jua lenyewe hufika utosini yapata saa sita na nusu kwa majira ya saa, kwa kuwa majira ya Afrika Mashariki yamepimwa kwenye mstari wa nyuzi 45, nasi tuko karibu na 37. Tumeishi na nusu saa hiyo bila kuugua. Dakika moja na nusu kwa wiki hurekebishwa Jumapili kabla ya kwenda kanisani.

Wengine wanasema simu imemaliza maneno yote haya. Haijamaliza. Mtahiniwa haingii na simu katika chumba cha mtihani, na mwalimu anayefundisha huku akichungulia simu anawafundisha watoto kuchungulia simu. Zaidi ya hayo, simu inakuambia saa ngapi. Haikuonyeshi muda uliobaki. Uso wa mishale unauonyesha kama kipande cha mkate kilichokwisha kukatwa. Na uso wa saa hii, nakiri kwa furaha, ni mzuri kupita kiasi. Upana wake ni milimita 42, tarakimu hazina madoido, na mwenye macho ya miaka sabini na ushei anausoma bila miwani. Umeme ukikatika usiku, rangi ing'aayo ya mishale inaonekana hadi karibu na alfajiri. Wapimaji njia wa Kijerumani walitaka uso usiokosewa gizani, na wazee wa Mlabani wanataka hivyohivyo.

Lakini tazama namna uhuru wa kampuni hii ulivyo mfupi. Mjukuu wangu wa darasa la tatu aliitazama jioni, mshale mfupi ukiwa kwenye 7, akasema, "Babu, saa saba." Hakukosa kusoma, tarakimu ndiyo iliyosema hivyo. Kila mtoto wetu lazima ajifunze kwamba namba anayoiona siyo saa anayoitamka, na kwamba saa yetu iko upande wa pili wa uso, mkabala na mshale. Kwenye 7 tunasema saa moja, kwenye 10 tunasema saa nne. Chuoni nilikuwa nawaambia wanachuo wachore mshale wa ubao wenye mkia unaopita katikati hadi upande wa pili, kwa sababu mkia huo husoma Kiswahili. Ni milimita chache za bati. Kampuni kubwa zinazotengeneza saa kwa mamilioni zina udhuru wa kutotujali. Hii ndogo, inayosema kwamba haifuati mtu, imefuata mchoro wa jeshi wa miaka ya 1940 nukta kwa nukta, pembetatu na vyote. Ingenyoosha mkia wa mshale mmoja, ningeisifu kwa jina lake.

Maji nayo yasisahauliwe, maana sisi ni watu wa mto na mpunga. Nyuma imeandikwa kwamba inazuia maji kwa mita 50. Asitokee mtu akadhani anaweza kuzama nayo mita hizo. Kipimo hicho ni cha shinikizo la maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya na mipira yake ikiwa laini. Mvua na kunawa mikono, sawa. Kuogelea, au kushinda kutwa mbugani ukipandikiza mpunga na matope yakiingia kwenye kile kitufe cha ufunguo, hapana. Ikiingia ukungu chini ya kioo, ivuliwe na ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo, kabla kutu haijaanza.

Basi ndugu zangu saba, kuhusu fedha. Saa hii ina thamani ya mashine ya Japani, kasha imara la chuma kisichoshika kutu, na uso unaosomeka. Hivyo vitatu vilipieni, wala msione haya kwa sababu ya wanaocheka. Yanayozidi ni bei ya mawingu. Nimeuliza kijana mmoja anayejua kutafuta, akanionyesha saa nyingine ya kampuni nyingine ndogo, yenye mashine ileile, uso unaokaribia kuwa uleule, upana uleule, kwa karibu theluthi mbili za bei hii. Haina kijitabu cha picha wala boksi la mbao. Kwa zamu sita zilizobaki, tofauti hiyo inalipia karibu saa mbili nzima, au mabati ya darasa lile ambalo mwaka hadi mwaka mnaniambia linavuja.

Na vyovyote mtakavyoamua, ule mkanda wa ngozi wenye misumari ya shaba uondoeni mapema. Kwa jasho la Ifakara wangu ulianza kunuka siku ya ishirini, na mvua za masika zilikuwa bado hazijafika. Wa nailoni unapatikana sokoni, unafuliwa kwa sabuni na kukauka kabla chai haijapoa.