Umeme umejaa kwenye gridi, mashine ya kijiji bado inakunywa dizeli

Kwa miaka 20 iliyopita, swali kubwa la nishati nchini Tanzania lilikuwa moja: je, umeme unatosha? Swali hilo lilikuwa na sababu yake. Mwaka 2006 ukame ulishusha maji ya bwawa la Mtera, nchi ikaingia kwenye mgawo mkali na Serikali ikalazimika kukodi mitambo ya dharura. Mgawo ukarudi mwaka 2011, na tena mwishoni mwa mwaka 2023. Kila uliporudi, waliofunga milango mapema walikuwa wale wale: kinyozi, fundi wa kuchomelea, muuza samaki mwenye friji moja na mwenye mashine ya kusaga.

Leo swali hilo limebadilika. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililogharimu zaidi ya Sh6.5 trilioni, lilianza kuzalisha Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yake yote tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 ilikamilika. Ukijumlisha gesi ya Songo Songo na Mtwara pamoja na mabwawa ya zamani, uwezo wa mitambo nchini umepita megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa yaliyofikiwa mwaka huo yalikuwa karibu nusu yake. Kwa maneno mengine, umeme upo. Linalotakiwa kuulizwa sasa ni unamfikia nani, na unamfanyia kazi gani.

Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefanya kazi ambayo hakuna wa kuibeza. Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na sasa zamu ni ya vitongoji. Bei ya kuunganishiwa kijijini ni Sh27,000, ambayo mkulima mdogo anaweza kuimudu akiuza debe chache za mahindi. Lakini bei hiyo inayotangazwa kila siku ni ya umeme wa njia moja, yaani ule wa taa, redio, runinga na kuchaji simu. Mashine ya kukoboa na kusaga nafaka, mashine ya kukamua alizeti na pampu kubwa ya kumwagilia huhitaji umeme wa njia tatu. Mota za njia moja zipo, lakini ni za kazi ndogo. Katika sehemu nyingi, ili kupunguza gharama za mradi, laini imeishia barabarani au senta ya kijiji, na matawi yake yamevutwa kwa nyaya mbili tu. Kijiji kinahesabiwa kuwa kina umeme, lakini mashine yake inaendelea kunguruma kwa dizeli chini ya nguzo.

Gharama ya hali hiyo inaweza kupigwa kwa kalamu na karatasi. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu uniti 10 za umeme. Injini ndogo ya kijijini hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa joto na moshi, na kinachofika kwenye jiwe la kusagia ni uniti mbili na nusu hadi tatu. Mota ya umeme iliyo nzima hutumia karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme inaopewa. Kwa hiyo kazi ya lita moja ya dizeli hufanywa na uniti tatu na kidogo za umeme. Kwa bei ya matumizi ya kawaida iliyopangwa mwaka 2016, ya Sh292 kwa uniti, ukiongeza VAT ya asilimia 18 na tozo za EWURA na REA, kazi hiyo hugharimu karibu Sh1,200. Lita ya dizeli ikiuzwa Sh3,000, msagaji anatumia zaidi ya mara mbili kwa unga ule ule. Na si yeye peke yake anayeumia, kwa sababu bei ya kusaga debe hupanda na kushuka na bei ya dizeli, na anayelipa ni mama aliyebeba mahindi kichwani.

Hapo ndipo usalama wa nishati unapoonekana kwa sura nyingine. Sera za nishati, ya mwaka 2003 na ya mwaka 2015 iliyoirithi, zinazungumzia upatikanaji wa nishati ya uhakika kwa bei nafuu. Lakini mafuta yote ya dizeli yanayotumika nchini huja kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, Serikali ilitoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi ili kupunguza makali. Kila mashine inayohamishwa kutoka dizeli kwenda umeme wa Rufiji au wa gesi ya Mtwara ni mzigo mmoja unaopungua katika hesabu hiyo. Nchi ina umeme wa ziada, kisha inaagiza mafuta nje ili kufanya kazi ambayo umeme huo ungeifanya kwa nusu ya bei.

Zipo hoja za upande wa pili na zina uzito. Laini ya njia tatu inahitaji nyaya zaidi na transfoma kubwa zaidi, na vijijini matumizi ni madogo kiasi kwamba fedha hairudi haraka. Ni kweli matumizi ni madogo, lakini ni madogo kwa sababu mashine hazijaunganishwa. Mteja wa nyumbani anayetumia uniti 20 kwa mwezi kwa bei nafuu ya Sh100 huipa TANESCO Sh2,000 kabla ya kodi. Mota yenye nguvu ya farasi 20, ikisaga kwa nguvu yake yote saa 40 tu kwa mwezi, hutumia zaidi ya uniti 600, sawa na Sh175,000 na ushei kabla ya kodi. Mwenye mashine mmoja anazidi wateja 87 wa taa. Anayetafuta fedha ya kulipia nguzo za kitongoji kinachofuata aanze na huyo.

Hoja nyingine ni kwamba umeme wa kijijini hukatika na kupungua nguvu, na mota huungua. Hilo nalo ni la kweli, na wenye mashine wengi huweka injini ya dizeli pembeni kama akiba. Lakini dawa yake ni transfoma inayolingana na mzigo na laini inayotunzwa, pamoja na elimu kwa wenye mashine. Mota iliyosukwa mara tatu na fundi asiye na vipimo hula umeme mwingi kuliko inavyostahili, na akiba iliyopatikana kwenye Luku hupotea hapo.

Kwa sehemu ambazo laini haitafika karibuni, jua lisidharauliwe. Pampu ya sola hufanya kazi mchana, wakati ule ule bustani ya nyanya na vitunguu inapohitaji maji, na haihitaji betri kubwa ikiwa kuna tangi. Kinachomzuia mkulima ni fedha ya kuanzia.

Katika mkutano wa viongozi wa Afrika uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025, Tanzania iliahidi kuwafikishia umeme asilimia 75 ya wananchi ifikapo mwaka 2030. Ahadi hiyo ni njema, ila kipimo chake kiongezwe. Taarifa ya kila mwaka ieleze pia ni vijiji vingapi vina njia tatu, ni mashine ngapi za dizeli zimehamia kwenye umeme, na uniti ngapi zimetumika kuzalisha mali. Benki ya Maendeleo ya Kilimo na vyama vya ushirika vitazame mkopo wa mota na wa pampu kama vinavyotazama mkopo wa mbolea.

Wenye mashine nao wasikae kusubiri. Mmoja akienda peke yake ofisi ya TANESCO ya wilaya, huambiwa mzigo wake ni mdogo. Watano wa kata moja wakiandika majina yao na ukubwa wa mota zao, wakapitisha ombi kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kumkabidhi diwani muhtasari, mzigo huo unakuwa na hesabu ambayo mhandisi hawezi kuipuuza. Na kabla mtu hajanunua mota, aulize kwanza laini iliyo mbele ya banda lake ni ya njia ngapi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.