Tabaka: Msamiati wa Mtihani au wa Maisha?

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hapati taabu kulitambua tabaka anapokutana nalo kitabuni. Akiisoma Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa mwaka 2012, humwona mara moja Mtemi Nasaba Bora akiwa juu na akina Amani na Imani wakiwa chini. Huandika kurasa tatu kuhusu mabwanyenye na makabwela, ukandamizaji na ukombozi, na alama akazipata. Muhula ukiisha, mwanafunzi huyo hupanda matatu kwenda nyumbani, Kitale ama Bungoma, na neno 'tabaka' huliacha katika karatasi ya mtihani. Huko aendako halimfuati, kwa kuwa hapana alitumiaye: si sokoni Chwele, si katika kituo cha bodaboda Kanduyi, wala si katika mashamba ya mahindi yanayouzunguka mji wa Kitale.

Je, hii ina maana kwamba huko hakuna matabaka? La hasha. Watu wa sehemu hizo wanayajua vizuri kuliko mwalimu yeyote wa nadharia. Mama auzaye mboga mtaani Matisi anajua ni lango gani la Milimani atakalobisha na lipi atakalolipita kimya. Kibarua wa shambani anajua ni nani wa kuvuliwa kofia. Kinachokosekana si ujuzi bali ni jina. Ya tajiri husemwa kwamba 'Mungu amemjalia', kwamba 'amesoma', kwamba 'ni mtu mkubwa'. Ya maskini husemwa kwamba 'hana bahati', kwamba 'hakusoma', au, ulimi ukiwa mkali, kwamba 'ni mvivu'. Makala haya yanadai kwamba msamiati huu una madhara. Huigeuza historia kuwa majaliwa, na kuwafanya wanaodhulumiwa waone haya badala ya kuuliza maswali.

Litazamwe neno lenyewe 'kujaliwa'. Ni kitenzi cha kutendwa, na mtenda wake ni Mungu peke yake. Asemaye kwamba fulani amejaliwa ekari mia tatu amekwisha kulifunga swali la jinsi ekari hizo zilivyopatikana, kwa maana nani atathubutu kumhoji Muumba? Neno 'tabaka' halifungi mlango namna hiyo. Tabaka ni uhusiano: wa juu yuko juu kwa kuwa yupo wa chini anayemlimia, anayemlindia na anayempikia. Mtu hawezi kuwa na tabaka akiwa peke yake, ilhali kujaliwa anaweza kujaliwa hata jangwani.

Na historia ya Kitale haikuwa ya majaliwa. Ardhi ya Trans Nzoia ilitengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya masetla, Waingereza kwa Makaburu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wapo waliokuja chini ya mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa ardhi wanajeshi waliotoka vitani. Reli iliyotokea Eldoret iliufikia mji huo mwaka 1926, ikayabeba mahindi ya masetla kuyapeleka sokoni. Mikono iliyoyalima mahindi hayo ilitoka, miongoni mwa sehemu nyingine, upande wa Bungoma. Familia nyingi za Wabukusu zilihamia katika mashamba hayo zikiwa maskwota, zikiruhusiwa kulima vipande vidogo na kulisha mifugo yao kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Sheria ya mwaka 1918 iliitaja hata idadi ya siku: zisipungue 180 kwa mwaka. Mwanamume mzima alikitundika kipande shingoni, ndani ya mkebe wa bati, kama ng'ombe avikwavyo kengele.

Hata Kiswahili chenyewe kilihusika. Katika mashamba hayo lugha hii ilitumiwa kama lugha ya amri. Masetla walikifinyanga kikawa Kisetla, lugha yenye ngeli zilizovurugika na vitenzi vya kuamrisha, isiyo na nafasi ya tafadhali wala shikamoo. Mtu mwenye wajukuu akaitwa 'boi'. Masetla wengi waliondoka, lakini mwelekeo wa lugha haukuondoka nao. Mpaka leo mwenye shamba au mwenye kampuni huzungumza Kiingereza na meneja wake, kisha humgeukia mlinzi wa lango kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Langoni, hata hivyo, katiba nyingine ndiyo inayotawala: Kiingereza hupanda, Kiswahili hushuka.

Uhuru ulipowadia mwaka 1963, ardhi ilianza kubadilisha mikono. Baadhi ya mashamba katika maeneo kama Tongaren na Ndalu yaligawiwa wakulima wadogo katika mipango ya makazi. Mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wanahisa, watu wakichanga shilingi hadi ekari ikapatikana. Mengine yalibaki mazima, yakawa mali ya serikali chini ya shirika la ADC au ya watu wachache waliokuwa na cheo, mkopo na marafiki. Hao ndio walioitwa 'wabenzi' kote Afrika Mashariki kwa sababu ya magari yao. Mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ilionyesha jinsi ardhi ya umma, yakiwemo mashamba ya ADC, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mtemi Nasaba Bora basi si kiumbe wa ndoto. Lakini mtu wa namna yake akipita njiani, wapita njia hawasemi 'huyo amenyakua'. Husema 'huyo amejaliwa'.

Upande wa Bungoma kuna jambo jingine linalofaa kutafakariwa. Wabukusu wana ngazi ya zamani ya heshima isiyotegemea mali, nayo ni ngazi ya marika. Marika hayo ni manane, miongoni mwao Maina, Chuma na Sawa, na majina yake hurudi kwa mzunguko, vizazi kwa vizazi. Waliotahiriwa katika msimu mmoja huitana bakoki, na kwa bakoki ukubwa haufai kitu: mwenye gari na mwenye jembe hutaniana kama walivyotaniana siku ile ya kisu. Tusiipambe ngazi hiyo kupita kiasi. Iliwaacha wanawake nje, na hata zamani mwenye ng'ombe wengi hakuwa sawa na asiye na ndama. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja kuu: kila mwanamume aliipanda kwa kuishi tu. Kijana wa leo alijua kwamba kesho yeye ndiye mzee. Ngazi ya tabaka haina ahadi hiyo. Mtoto wa kibarua anaweza kuzeeka kibaruani, na mwanawe akaurithi ukibarua kama wengine wanavyorithi ekari.

Anayetaka kuziona ngazi hizo mbili zikishindana na aende mazishini. Zamani mzee wa rika alipewa nafasi yake kwa umri wake. Siku hizi hema hupigwa, viti vikavalishwa vitambaa, na msimamizi wa shughuli akawaita 'waheshimiwa' waje mbele. Bakoki wa marehemu, aliyechunga naye ng'ombe utotoni, huketi nyasini kando ya migomba akilikwepa jua. Wageni wa hemani hupelekwa ndani kula, na wengine hupanga foleni penye sufuria kubwa. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa hakuna neno la kulalamikia. Husemwa tu kwamba ni 'mpango wa wageni'.

Jina la pili linalolificha tabaka ni kabila. Mapigano yalipozuka Trans Nzoia mwaka 1991 na 1992, yakiwemo maeneo ya Endebess, yaliitwa mapigano ya kikabila, na ni kweli kwamba watu walichaguliwa kwa makabila yao. Lakini waliokimbia na watoto mgongoni, wakalala makanisani na sokoni, walikuwa hasa wakulima wadogo na vibarua. Walioshambulia nao wengi walikuwa vijana wasiokuwa na ardhi. Maskini alimfukuza maskini, na mashamba makubwa ya wakubwa wa kila kabila yakasalia na nyua zake. Watu wanapokuwa na neno 'kabila' pekee la kuelezea njaa yao ya ardhi, humtafuta adui kwa jirani.

Mwaka 2022 ilionekana kana kwamba tabaka limepata jina hatimaye. Katika kampeni za uchaguzi mkuu neno 'hasla' lilivuma kutoka Kitale hadi Bungoma, likiwapambanisha wachuuzi, mama mboga na waendeshaji bodaboda na watoto wa nasaba kubwa. Umaarufu wa neno hilo unathibitisha kwamba wananchi walikuwa na kiu ya kuyazungumza mambo haya. Kasoro yake ilikuwa upana wake. Mgombea mwenye helikopta aliweza kuwa hasla, na kijana aliyemshangilia akiwa na pikipiki ya mkopo akawa hasla vilevile. Neno linalowaweka hao wawili upande mmoja halitaji tabaka. Linalifunika kwa blanketi jipya.

Wapo watakaopinga kwamba tabaka ni dhana ya kizungu, iliyozaliwa katika viwanda vya Uingereza na kuletwa hapa na wasomi. Ni kweli kwamba Waingereza wana mazoea makubwa ya kulizungumza. Mwaka 2013 shirika la BBC, likishirikiana na wanasosholojia akiwemo Mike Savage, lilitangaza matokeo ya uchunguzi ulioigawa jamii yao katika matabaka saba, kwa kupima mali, watu mtu anaofahamiana nao na burudani anazozipenda. Huko, matamshi ya mtu yanatosha kumpambanua. Wala kulitaja tabaka hakukulifuta. Kwa hiyo haidaiwi hapa kwamba jina ni dawa. Jina ni mwanzo wa kujua ugonjwa. Hao hao Waingereza ndio walioleta Kitale vilabu, vyeo na mipaka yao. Ikiwa tabaka lenyewe liliweza kuvuka bahari na kuota mizizi hapa, kwa nini neno lake lionekane geni?

Hoja nyingine ni nzito zaidi: kwamba elimu imewapandisha wengi, na hivyo tabaka si kuta bali ni ngazi. Hoja hii ina ukweli, na wengi wanaosoma kurasa hizi ni ushahidi wake. Wako hapa kwa sababu mzazi aliuza fahali, au ukoo ukafanya harambee. Lakini yafaa itazamwe ngazi yenyewe ilivyokuwa ikibadilika. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2003, wenye uwezo wengi waliwahamishia watoto wao katika akademia za kulipiwa, na shule ya umma ikabaki na watoto wa wale wasio na pa kwenda. Aidha, kazi iliyompandisha mtu yaweza kumshusha. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kiliposimama mwaka 2009, mafundi na makarani waliojiona wamekwisha kuuacha umaskini walirudi kwenye vishamba vya baba zao. Wengine wakaambiwa kwamba bahati imewaponyoka. Bahati haikuhusika, kilichofungwa ni kiwanda.

Hapa ndipo suala hili linapomgusa msomi wa Kiswahili moja kwa moja. Likizo ijayo ataalikwa mazishini, na msimamizi wa shughuli, akiisha kusikia kwamba yuko chuo kikuu, atamwita hemani. Atakaa kwenye kiti chenye kitambaa huku shangazi yake aliyeichangia harambee yake akiwa nyasini. Atasalimiwa kwa Kiingereza, naye atajibu kwa Kiingereza, kisha atamwagiza kijana maji kwa Kiswahili. Katika dakika chache atakuwa ameyatenda yote aliyoyashutumu katika insha yake, bila kutambua, kwa kuwa neno alilohitaji kulitambulia aliliacha chuoni.

Lugha hii ina maneno ya kutosha. Makabwela, mabwanyenye, walalahoi, wenye nacho na wasio nacho ni maneno yetu, wala hayakuundwa ili yatiwe alama nyekundu na mtahini. Yanastahili kutumiwa shambani, sokoni na mezani, na watu wanaozungumza na kibarua kama mtu na mwenziwe, si kwa sauti ya Kisetla. Tasnifu kuhusu utabaka katika riwaya zimeandikwa nyingi. Ni wakati sasa wa utafiti kuhusu jinsi wakata miwa wa Bukembe na wavuna mahindi wa Kitale wanavyoyataja maisha yao kwa vinywa vyao wenyewe. Na kabla ya utafiti huo, kuna jambo dogo lisilohitaji ruzuku wala kibali: msomi aitwaye hemani na ainuke, akampe shangazi kiti.