Kiti Kilichobaki Kitupu



Wiki hii twazungumzia anasa, na ule mvuto wake unaotugeuza shingo kila apitapo mtu aliyependeza. Mvuto huo haukuanza na simu za mkononi. Wazee wetu wa Pate na Lamu walijenga majumba ya mawe yenye zidaka zilizonakshiwa kwa chokaa ukutani, na ndani yake wakapanga vyombo vya Kichina vilivyovuka bahari. Mgeni aliyekaribishwa ndani alijua hadhi ya mwenyeji wake bila kuambiwa neno.

Nasi hatuoni haya kusema kwamba twapenda uzuri. Dini yetu haikutukataza. Katika Suratul Aaraf tumeagizwa tujipambe tuendapo kwenye ibada, na papo hapo tukakatazwa israfu. Udi katika nguo, kikuba cha asumini kifuani, buibui lililonyooshwa vizuri: haya ni katika adabu ya kumheshimu Mola na kuwaheshimu waja wake.

Basi mpaka uko wapi? Hivi karibuni tulihudhuria siku ya kupamba katika ukumbi mmoja mjini Mombasa. Bibi harusi alipendeza, mashaallah. Hina ilikolea, dhahabu ikameremeta, na wanawake wakaketi safu kwa safu katika sare ya rangi moja. Lakini kiti cha mama yake mdogo kilikuwa kitupu. Kesho yake tulikwenda kumjulia hali, tukidhani yu mgonjwa.

“Siumwi,” alitwambia. “Kitambaa cha sare kilinishinda bei. Nikaona haya kuketi peke yangu na dera langu la Idi.”

Huyu ndiye aliyemlea binti yule tangu akiwa mchanga, mamake alipokuwa akiugua.

Hatumlaumu mwenye harusi, kwani hakuna aliyemfukuza mtu mlangoni. Kosa hili ni letu sote, na lina mizizi. Enzi za bibi zetu, vyama vya lelemama vya Mombasa vilishindana kwa mavazi na karamu, na wako waliotumia walichonacho na wasichonacho. Anayetamani kuonekana hatamani kitambaa. Atamani heshima, na heshima ni haja ya kila binadamu. Ila heshima ya mmoja isijengwe kwa aibu ya mwengine. Pambo linalomfanya mgeni ajione ametukuzwa ni uungwana. Linalomfanya ajione mdogo, hata likiwa la hariri, ni kiburi tu. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Twakumbuka pia kwamba desturi zetu zilikuwa na dawa yake. Leso ya kisutu imekuwa ya maarusi kwa miaka mingi, na nakshi zake ni zile zile kwa binti wa tajiri na wa mvuvi. Kwa nini sare zetu zisiwe leso, ambayo mtu ataivaa tena nyumbani? Na ikiwa lazima kiwe kitambaa cha thamani, basi mwenye harusi awakatie mapema jamaa zake wasio na uwezo, awapelekee kwa siri, mkono wa kushoto usijue. Asipoweza hilo, aseme wazi kwamba kila mtu avae alichonacho.

Yale majumba ya Pate leo ni magofu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama, na katika Al-Inkishafi akauonya moyo wake mwenyewe kwayo. Nasi tuionye yetu kabla ya msimu wa harusi haujaanza. Kila mama anayeandika orodha ya waalikwa ajiulize: ni nani atakayeshindwa kuja kwa sababu ya sare niliyoichagua?

Wabillahi tawfiq.