Gitaa Pekee, Nyumbani

Wiki hii nazungumza nanyi wa Gitega na Muyinga mlio na gitaa ukutani, ambao baada ya zamu hukaa uani mkapiga bila kuimba. Watoto husikiliza, jirani husifu, kisha muziki huenda na upepo. Marehemu baba yangu mdogo alipiga hivyo kwa miaka mingi huko Muyinga. Nimebaki na ukanda mmoja tu, na nusu yake nilinasa matangazo ya mpira juu ya gitaa lake. Mpaka leo sijajisamehe.

Santuri ya ala tupu, ya mpigaji mmoja, si lazima itoke studio. Mwaka 1948 Mmarekani Les Paul alitoa "Lover", aliyoitengeneza katika gereji ya nyumbani kwake. Husikika humo magitaa manane, yote ya kwake. Alinasa sehemu ya kwanza katika sahani, akapiga ya pili huku ya kwanza ikilia, zote zikaingia katika sahani nyingine, akaendelea vivyo hivyo. Karibu nasi, Mwenda Jean Bosco alinaswa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Gitaa moja kavu, kidole gumba na cha shahada, nawe utaapa wapigaji ni wawili!

Nasi Warundi tuna inanga, ambayo mwimbaji wake hunong'ona ili asizifunike nyuzi. Anayeihamishia mitindo hiyo katika gitaa, kisha akafuatisha rumba ya Kongo, asiambiwe kwamba amechanganya mambo. Ndivyo masikio yake yalivyolelewa.

Basi, chagua chumba chenye mikeka na nguo nyingi, kwani kuta tupu hurudisha mwangwi, na mvua juu ya bati huharibu kila kitu. Simu iweke kiasi cha hatua ya mkono, ielekee mahali shingo ya gitaa inapoungana na mwili, wala si tundu lenyewe, ambalo hunguruma. Nyuzi mpya zifunge siku moja kabla, zitulie. Ukitaka gitaa la pili, sikiliza la kwanza kwa visikizio, unase kwa simu ya mwenzako.

Kisha weka nakala kwa ndugu wa mji mwingine, na uandike jina la mpigaji na tarehe kabla hujalala. Ukanda wa baba mdogo haukuwa umeandikwa kitu. Ndiyo maana niliuchukua.